Kuonja bia ya mtindo wa Kibelgiji: mwongozo kamili kuanzia lebo hadi mashapo

Tripel yangu ya kwanza, bia kali ya dhahabu ya mtindo wa Kibelgiji kutoka kiwanda kidogo, niliinywa vibaya. Niliitoa kwenye friji ikiwa baridi ya kuumiza meno, nikainywa kwa mdomo wa chupa, na baada ya mafunda matatu nikaamua nimetupa pesa: kali, gesi nyingi, ladha hakuna. Simu ikaita. Niliporudi zaidi ya nusu saa baadaye niliona aibu kumwaga kilichobaki, nikakimimina kwenye glasi ya divai iliyokuwa karibu. Harufu ya ndizi mbivu na karafuu ikanipata kabla hata sijaiinua glasi. Bia ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni joto, glasi na hewa.

Karibu kila hatua iliyo hapa chini imetokana na kosa hilo. Laga nyepesi ambazo wengi wetu tumezizoea hutengenezwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi, nayo huacha harufu kidogo sana. Bia za Kibelgiji huchachushwa kwenye joto, mara nyingi kuanzia nyuzi 20, na hamira za saison, mmoja wa mitindo hiyo, huweza kuachwa zipite hata 30. Katika joto hilo hamira huzaa harufu za matunda na viungo ambavyo hakuna mtu aliyevitia kwenye pipa. Ukionja bia hii unaonja kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), ndiyo, lakini zaidi ya yote unaonja kazi ya hamira. Maandalizi yote yana lengo moja: hamira isikike.

Soma lebo kabla ya kununua

Anza na jina la mtindo, kwa sababu huwezi kuihukumu bia kabla hujajua ilitaka kuwa nini. Witbier, au blanche kwa Kifaransa, ni bia ya ngano yenye ukungu, iliyotiwa giligilani na maganda ya machungwa, kwa kawaida asilimia 5 hivi ya kileo. Mtindo huu ulikuwa umekufa katika mji wa Hoegaarden hadi Pierre Celis alipoufufua miaka ya 1960. Dubbel ni ya kahawia, asilimia 6 hadi 8, yenye harufu ya zabibu kavu na mkate uliookwa vizuri. Tripel ni ya dhahabu na ina nguvu zaidi, asilimia 8 hadi 9 na ushei. Quadrupel ni nyeusi, nzito, na hupita 10 bila wasiwasi. Saison ilizaliwa kwenye mashamba ya Wallonia, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kifaransa. Ni kavu, ina gesi nyingi na harufu ya pilipili manga. Lambic na gueuze ni ukoo mwingine kabisa, wa bia chachu zinazochachushwa na vijidudu vya hewani, na mtu wa kuanza angeziacha kwanza. Majina haya yasikupumbaze: Tripel haina kileo mara tatu ya kitu chochote.

Neno Trappist, jina la shirika moja la watawa wa Kikatoliki, ni jambo jingine. Huo si mtindo, ni haki. Nembo ya chama cha watawa hao, kilichoundwa mwaka 1997, hupewa bia iliyotengenezwa ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa wenyewe. Kiwanda kidogo cha watu watatu hakiwezi kutengeneza bia ya Trappist hata kikiiga kila kitu. Kinachoweza kufanya ni bia ya mtindo wa abasia, yaani wa monasteri, na hakuna aibu katika hilo.

Kisha tafuta tarehe ya kutiwa chupani na asilimia ya kileo. Hii ya pili ipe uzito wake. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 8.5 ina karibu mililita 28 za kileo halisi, wakati laga ya asilimia 5 ya ujazo huohuo ina 16.5. Chupa moja ya Tripel inakaribia laga mbili, ila haina sura hiyo kinywani. Panga mapema utafikaje nyumbani, na usukani uachie mwingine.

Mwisho, angalia kama bia ilichachushwa mara ya pili ndani ya chupa. Kwenye lebo za Kifaransa utasoma *refermentée en bouteille*. Maana yake kuna hamira ndani ya chupa, na gesi imetengenezwa humohumo. Chupa ya namna hii ni kiumbe hai, na inataka kutunzwa hivyo.

Ihifadhi wima, gizani

Ukiileta nyumbani, isimamishe. Usiilaze kama divai. Mashapo ya hamira yakitua chini utaweza kuyaacha au kuyachagua baadaye, lakini yakiwa yametapakaa ubavuni mwa chupa huna hiari tena. Ipe siku moja au mbili ya kutulia, hasa kama ilirukaruka njiani. Na iwe gizani: mwanga ukigonga viambato vya hopsi huzaa harufu ya kicheche, na chupa ya kijani au isiyo na rangi huzuia kidogo sana au haizuii kabisa. Ya kahawia inazuia kiasi.

Joto: hapa ndipo wengi huharibu

Baridi hutia ulimi ganzi na kuzifungia harufu ndani ya bia. Witbier ndiyo inayovumilia baridi zaidi, nyuzi 4 hadi 6. Blond (ya dhahabu, nyepesi kuliko Tripel), saison na Tripel zipe 6 hadi 9. Dubbel na Quadrupel zinataka 10 hadi 14, joto ambalo mtu aliyezoea laga ataliita la bia vuguvugu. Kama friji yako iko nyuzi 4, Tripel itoe nusu saa kabla, na Quadrupel karibu saa nzima. Chumba kikiwa cha moto, punguza. Ukikosea, kosea upande wa baridi, maana bia itapanda yenyewe ndani ya glasi, na kuifuata inavyopanda ni nusu ya raha. Ikishapanda, hairudi.

Kuna sababu ya pili ya kutoifungua chupa ikiwa na joto. Gesi hushikamana na kimiminika baridi na hukikimbia cha moto. Niliwahi kufungua saison iliyokaa mchana kutwa juu ya meza. Theluthi moja ya bia ilipanda na kutoka kama maziwa yaliyochemka, na glasi zilikuwa bado kabatini.

Glasi safi ya bia si glasi safi ya maji

Umbo linalofaa ni lenye tumbo pana na mdomo uliobana, kama ua la tulipu. Harufu hukusanyika badala ya kupotea. Glasi ya divai nyekundu inafanya kazi hiyo vizuri kabisa, kwa hiyo usinunue kitu kwanza. Ile mirefu iliyonyooka iache.

Usafi ndio wenye kesi. Tone la mafuta au sabuni iliyobaki huua povu, na povu likifa nusu ya harufu imekwenda nalo. Jaribio langu ni hili: suuza glasi kwa maji, ipindue, itazame. Maji yakishuka kwa utando mmoja sawasawa, ni safi. Yakikatika na kuacha matone yamejikunja hapa na pale, kuna mafuta. Ioshe tena kwa mkono, isuuze sana, iache ikauke yenyewe bila kitambaa. Kabla ya kumimina, ipitishe tena kwenye maji baridi. Glasi kavu kabisa huchochea povu kupita kiasi.

Kufungua na kumimina

Glasi ziwe mezani kabla hujagusa kifuniko. Kama chupa ina kizibo cha koki chenye waya, usikielekeze kwa mtu. Shika kizibo, zungusha chupa, kiache kitoke kwa mguno tu.

Inamisha glasi kiasi cha nusu ya pembe mraba, mimina pole pole kwenye ubavu wake bila kukatisha, na ukifika nusu isimamishe ili bia ianguke katikati. Usiogope povu. Bia hizi zina gesi nyingi kuliko laga, na vidole viwili vya povu ni sehemu ya kinywaji. Chini ya chupa acha sentimita moja au mbili pamoja na mashapo, tutayarudia.

Kama chupa ni ya mililita 750 na mko wengi, panga glasi zote kwa mstari na uzijaze kwa mkupuo mmoja. Usiisimamishe chupa kati ya glasi na glasi. Kila unapoisimamisha mashapo yanatibuka, na wa mwisho kumiminiwa anapata tope huku wa kwanza akipata kioo, halafu mnabishana kana kwamba mnaonja bia moja.

Macho, kwa ufupi

Tazama rangi, povu na mapovu yanayopanda. Povu zuri la Kibelgiji ni zito, kama yai lililopigwa, na kila funda huacha mstari wake kwenye ukuta wa glasi. Ukungu usikutishe, kwa kuwa viwanda vidogo vingi havichuji. Kinachonitia shaka ni Tripel isiyo na povu kwenye glasi niliyoihakikisha kuwa safi. Basi. Watu hukaa hapa dakika tano wakisifia rangi, na wakati huo harufu za kwanza zinapaa.

Pua: kaa hapa

Harufu nyepesi hutoka sekunde za mwanzo na hazirudi, kwa hiyo weka pua kwenye glasi mara povu linapotulia. Vuta pumzi fupi mbili tatu, kama mbwa anavyonusa, badala ya moja ndefu. Kisha zungusha glasi taratibu, funika mdomo wake kwa kiganja, hesabu hadi tano, funua, nusa tena. Pua ikichoka, nusa ngozi ya kiwiko chako; huirudisha pua mahali pake.

Jiulize kwanza: matunda au viungo? Matunda yanatokana na viambato viitwavyo esta. Esta inayonukia ndizi kwenye bia ndiyo hasa inayonukia kwenye ndizi mbivu, molekuli ileile, hujidanganyi. Nyingine hukumbusha pea, tufaa, embe lililoiva sana. Viungo vinatokana na fenoli. Harufu ya karafuu kwenye bia haitoki kwenye molekuli ya karafuu yenyewe, ambayo ni eujenoli, bali kwenye jamaa yake wa karibu ambaye hamira humtengeneza kutokana na asidi iliyomo kwenye nafaka. Ndiyo maana ni karafuu, na bado si karafuu ya jikoni: ni kavu zaidi, ina moshi kwa mbali.

Hapa bia za viwanda vidogo hutofautiana sana. Hamira ileile ikipewa nyuzi chache zaidi za joto huegemea kwenye matunda. Mtengenezaji akiibana, fenoli huchukua uwanja. Wakati mwingine tofauti hiyo hutokea kati ya toleo moja na lingine la bia moja, na mwenye kiwanda hakuikusudia.

Baada ya hamira, tafuta kimea: ganda la mkate, biskuti, asali, karameli. Kwenye Dubbel na Quadrupel utakutana na zabibu kavu, tini na tende, ambazo kwa sehemu kubwa huletwa na sukari iliyounguzwa hadi ikawa nyeusi, si kimea cheusi. Mwisho tafuta hopsi: maua, majani makavu, nyasi. Kwenye mtindo huu hopsi hukaa nyuma. Zikiwa ndizo pekee unazonusa, umepewa bia ya nchi nyingine iliyovikwa lebo ya Ubelgiji.

Kama hupati majina ya harufu, usijilaumu; pua inajua, ni ulimi unaokosa neno. Weka vikombe vidogo mezani: karafuu, pilipili manga zilizopondwa, mbegu za giligilani, ganda la chungwa, zabibu kavu, kipande cha ndizi iliyoiva hadi ikawa na madoa. Nusa kikombe, nusa glasi, nusa kikombe. Jioni moja ya namna hiyo ilinifundisha zaidi ya mwaka mzima wa kunywa.

Kinywa

Funda la kwanza ni la kusafisha njia. Limeze, usilihukumu.

La pili lifanyie mchezo: bana pua kwa vidole, piga funda, lizungushe kinywani. Utapata utamu, uchungu kidogo, labda uchachu, na mapovu yanayochoma. Sasa achia pua huku ukitoa pumzi. Ndizi, karafuu, mkate, vyote vinaingia kwa pamoja kama watu waliokuwa wakisubiri mlangoni. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa kupitia nyuma ya koo. Kwa sababu hiyo bia humezwa, na baada ya kumeza pumzi hutolewa kwa pua, mdomo ukiwa umefungwa. Na ile ramani ya ulimi, kwamba utamu uko nchani na uchungu nyuma, isahau. Sehemu zote zenye vionjio huonja vyote.

Funda la tatu na kuendelea, fuata safari nzima. Linaingiaje? Katikati lina uzito gani, ni maji, maziwa au sharubati? Kileo unakihisi kama joto la kupendeza kifuani au kama spiriti inayochoma koo? Na linaishaje? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipa alama nyingi kuliko yote. Tripel nzuri hukudanganya: hunukia utamu, huanza kwa utamu, halafu hukauka ghafla na kukuachia kinywa kinachotaka funda lingine. Siri ni sukari inayotiwa wakati wa kuchemsha. Hamira huila karibu yote na kuigeuza kileo, hivyo nguvu inapanda bila uzito kubaki.

Na hapo ndipo viwanda vidogo vingi hujikwaa. Nimeonja Tripel nyingi zenye harufu ya kuvutia zinazoishia kama shira, zikigandamana midomoni. Hamira haikumaliza kazi, ama mtengenezaji aliogopa kutia sukari akidhani ni udanganyifu. Kosa la pili ninalokutana nalo ni viungo vilivyotiwa kwa mkono kuziba pengo la hamira dhaifu. Giligilani kwenye witbier ni halali yake, lakini ukihisi kabati zima la jikoni kwenye Dubbel, kuna jambo linafichwa.

Rudia bia ikiwa imepata joto, kisha geukia mashapo

Usimalize glasi haraka. Acha robo yake, ngoja dakika 15, rudia pua na kinywa. Quadrupel nzuri hufunguka hapa. Bia yenye kasoro nayo hujitoa hapahapa, kwa hiyo ukitaka kumjua mtengenezaji, mjue kwenye robo hii ya mwisho.

Sasa ile sentimita iliyobaki chupani. Izungushe, imimine kwenye glasi ndogo, ionje peke yake. Ni nzito, ina ladha ya unga wa mkate na uchungu wa udongo. Wapo wanaoipenda, mimi naionja tu. Kwa wengine huleta gesi tumboni. Witbier ndiyo ya kipekee, ambapo kuzungusha chupa na kumimina mashapo pamoja na bia ni desturi.

Kasoro, na vitu vinavyofanana na kasoro

Karatasi iliyolowa ni bia iliyozeeka au iliyopigwa na hewa wakati wa kutiwa chupani. Siagi na tufaa bichi huonyesha bia iliyotolewa kabla hamira haijasafisha ilichozalisha. Mahindi ya kuchemsha yanaelekeza kwenye uchemshaji hafifu au upoozaji wa polepole. Harufu ya plasta ya kidonda, ambayo ukishaijua hutaisahau, hutokea klorini ya maji inapokutana na fenoli, na kwa mtindo wenye fenoli nyingi kama huu ni hatari ya kweli. Dawa ya kutolea rangi ya kucha inamaanisha joto lilizidi au hamira iliteseka. Uchachu kwenye bia isiyokusudiwa kuwa chachu ni maambukizi, ingawa hautakudhuru.

Lakini ngozi, zizi la farasi na majani makavu vinaweza kuwa kusudi. Hiyo ni kazi ya hamira ya mwitu, Brettanomyces. Kiwanda cha monasteri ya Orval, Ubelgiji, huitia kwa makusudi, na bia yake ya asilimia 6.2 hubadilika mwezi hadi mwezi kwa sababu hiyo. Kabla ya kulalamika, rudi kwenye lebo. Na ukiamua kulalamika, mwandikie mtengenezaji ukimpa namba ya toleo na maelezo ya harufu. Mwenye kiwanda kidogo anayestahili pesa yako atashukuru.

Linganisha ukiwa hujui ni ipi

Pima bia mpya dhidi ya kipimo kinachofahamika: Westmalle Tripel, asilimia 9.5, kwa Tripel. Saison Dupont, 6.5, kwa saison. Rochefort 10, asilimia 11.3, kwa zile nyeusi nzito. Mwombe mtu akumiminie glasi tatu, mbili zikiwa na bia moja na ya tatu tofauti, wewe ukiwa umegeuka. Itafute ya peke yake. Mililita 60 kwa glasi zinatosha, na maji ya kawaida na mkate mkavu viwe karibu. Mkionja mitindo kadhaa, anzeni na nyepesi na mmalizie na nyeusi nzito, zisizidi nne kwa kikao. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilikosea, na nilikuwa nimeapa kwamba ningeitambua Westmalle hata usingizini.

Andika, na uweke ya pili

Andika siku hiyohiyo: jina, namba ya toleo, tarehe ya kutiwa chupani, joto uliloanza nalo, harufu tatu kwa maneno yako, na inavyoishia. Usiandike "nzuri". Andika "ndizi imezidi karafuu, inakauka, kileo hakionekani".

Kama bia ni ya asilimia 8 na zaidi na ilichachushwa chupani, nunua mbili. Ya pili isimamishe gizani mahali penye ubaridi, bandika tarehe shingoni, na uifungue baada ya miezi sita ukiwa na karatasi ya kwanza mkononi. Witbier na saison nyepesi usizifanyie hivyo. Hizo zinyweni zikiwa changa.